Laini Iliyonyamaza Jumamosi

Sauti ya Valary Nasipwondi ilijulikana na watu wengi kuliko sura yake. Enzi hizo akiishi Kawangware na mumewe Wabwire, jirani mmoja muuza dawa ya wadudu alimwomba amsaidie kurekodi tangazo, maana koo lake lilikuwa limekauka kwa kupiga kelele barabarani. Valary alikuwa amekaa mlangoni akichambua sukuma wiki. Alirekodi mara moja tu, bila kuinua kichwa: panya, mende, kunguni, viroboto, wote wanalala leo, mama usiteseke na dawa iko. Wauzaji wengine wakanakili. Kabla ya mwaka kuisha sauti hiyo ilikuwa inatoka kwenye vispika vidogo Kangemi, Dagoretti, hadi ndani kabisa ya Kibera. Alipewa pakiti mbili za dawa ya panya na asante.

Wabwire alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Alikufa kwa kifua, polepole, na ugonjwa huo ulipomaliza kila kitu Valary akahama na bintiye Nasambu kwenda Mashimoni, Kibera, chumba cha tisa kwenye ploti ya vyumba kumi vinavyotazamana. Lakini Kawangware hakuiacha kabisa. Kila Jumapili alirudi kanisani kwao, kanisa ambalo mzee wake mkuu alikuwa Gichuru, aliyekuwa mwenye nyumba wake. Gichuru alikuwa mwenyeji wa pale tangu babu yake, mwenye ploti kadhaa na duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu wa kusaidia. Hilo lazima lisemwe. Mazishi ya Wabwire yasingefika Busia bila lori lake.

Kanisa ndilo lililoanzisha laini ya akina mama. Sababu ilikuwa rahisi: mwanamke akishikwa na uchungu katikati ya Mashimoni, gari la hospitali litafika barabara ya lami na kusimama hapo, dereva akiuliza njia kwa watu ambao nao hawajui. Kanisa likapanga na waendesha tuktuk na nesi mmoja wa zahanati ya Sarang'ombe, likatafuta nambari moja rahisi ya kukumbuka. Ukipiga nambari ile, mtu wa zamu anapokea, anakuuliza uko karibu na nini, kioski gani cha maji, choo gani, kisha anaita tuktuk na kuileta kwa maneno, kona baada ya kona, hadi mlangoni.

Walipotafuta mtu wa zamu ya mchana, hakukuwa na mabishano. Valary alijua vichochoro, na sauti yake ilimtuliza hata mtu aliyekuwa akilia, ikarekodiwa pia ya kumkaribisha kila mpigaji. Zamu ya usiku ilichukuliwa na Wangoi, mjane mwenzake aliyebaki Kawangware.

Mitambo iliwekwa na Githinji, kijana wa Kawangware aliyekuwa akiishi kwa kuunganisha kompyuta na simu za ofisi ndogondogo. Alifunga kijisanduku cheusi nyuma ya duka la Gichuru, mahali penye jenereta.

"Mathe, hii ndio ubongo," alimwambia Valary siku ya kwanza. "Mtu akipiga laini, call inaenda kwa kampuni ya simu. Kampuni inairusha kwa intaneti mpaka kwa hii sanduku. Sanduku inaangalia nani ako zamu, inampigia kwa simu yake ya kazi. Wewe hutajua haya yote. Utasikia tu simu inalia."

"Na sanduku ikizimika?"

"Haizimiki. Ndiyo maana iko kwa mzee."

Alimpa simu ya kazi, ndogo ya vibonye. Kanuni ilikuwa kwamba mtu akiingia zamu azime simu yake binafsi, ili asije akawa anaongea na shemeji yake Busia wakati mama mwingine anavuja damu. Valary aliishika kanuni hiyo kama sheria ya dini. Akawahubiria wanawake wa ploti yao na ploti za jirani, kwenye foleni ya maji, kwenye kamba za nguo: "Usinitafute mimi kwa nambari yangu. Mimi naweza kuwa sina chaji, naweza kuwa nimelala. Piga laini. Laini hailali."

Wanawake wakasikia. Kwa karibu miaka miwili laini haikulala. Watoto walizaliwa ambao mama zao walimjua Valary kwa sauti kwanza, sura baadaye, na wawili kati yao waliitwa Valary. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Wabwire afe. Alitembea Mashimoni akisalimiwa kila hatua.

Chumba cha tatu kutoka kwake kilikuwa cha Aketch na mumewe Mutuku. Aketch aliuza samaki wa kukaanga jioni. Mutuku alikuwa mlinzi wa geti kule kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, mtu wa maneno machache, aliyemwoa Aketch ingawa ukoo wake Makueni haukutaka mke wa Kisumu. Hiyo ilikuwa mimba yao ya kwanza baada ya kungoja sana. Aketch alikuwa mcheshi na mwepesi wa hasira, na Valary alimpenda, lakini wiki ile walikuwa wamegombana. Aketch alianika blanketi lenye maji juu ya sare za shule za Nasambu, kamba ikakatika, nguo zote zikaanguka kwenye mtaro.

"Wewe unafikiri hii ploti ni ya mama yako?" Valary alimfokea, mbele ya watu.

"Na wewe unafikiri ni ya kanisa yako?" Aketch akajibu.

Ugomvi mdogo, wa aina inayoisha mtu akiazimwa chumvi. Lakini haukuwahi kupata nafasi ya kuisha, na ploti nzima iliusikia.

Wakati huohuo, Kawangware, Gichuru naye alikuwa na ugomvi wake. Watu waliomletea intaneti walikuwa wameweka mlingoti juu ya paa la jengo lake, na paa likaanza kuvuja kwenye chumba cha mpangaji. Aliwaita mara kadhaa hawakuja. Ijumaa mchana akapandisha fundi akaung'oa mlingoti. Jioni hiyohiyo kampuni nyingine ilimletea waya kutoka barabarani, nyaya zikachomekwa upya kwenye kijisanduku, taa zake zikawaka kijani kama zamani. Gichuru aliziangalia, akaridhika, akafunga mlango. Hakumwambia mtu. Hata kama angetaka kusema, angesema nini? Alikuwa amebadilisha muuzaji wa intaneti, kama mtu anavyobadilisha muuza maziwa.

Usiku wa Ijumaa Wangoi alilala vizuri.

Jumamosi asubuhi Valary alizima simu yake, akaiacha kwenye kabati, akaenda Sarang'ombe kwenye kijichumba cha zamu pale zahanati. Siku hiyo ilikuwa tulivu kupita kiasi. Hakuna aliyepiga. Alishona kifungo cha sketi ya Nasambu. Alisali kidogo. Karibu na saa sita akaanza kuhisi vibaya, maana Jumamosi huwa na simu, hata ya mtoto anayecheza. Aliiangalia simu ya kazi: mtandao umejaa, chaji imejaa. Akampigia Wangoi.

"Wangoi, hebu nipigie kwa hii nambari ya kazi nione kama inaingia."

Wangoi akapiga. Simu ikalia mkononi, kali kama kawaida.

"Si iko sawa?" Wangoi akasema. "Ni Mungu amekupumzisha. Kunywa chai."

Akanywa chai. Alikunywa akishukuru kwamba kwa siku moja hakuna mwanamke wa Kibera aliyekuwa taabani.

Mtu wa zamu ya kati, muuza dawa wa zahanati aliyekuwa akimshikia nafasi hadi Wangoi aingie, alifika saa kumi. Valary akarudi nyumbani akipitia sokoni, akanunua nyanya. Alipokaribia ploti alikuta watu wamejaa mlangoni hadi nje kwenye mtaro. Alifikiri ni vita. Kisha akasikia sauti ya mwanamke ikiita jina la Aketch kwa namna ambayo mtu aliye hai haitwi.

Habari alizipata vipande vipande. Aketch alianza kutokwa damu saa nne asubuhi, akiwa peke yake chumbani. Alipiga laini. Simu haikulia, ilikaa kimya kama imezama, kisha ikakatika. Akapiga tena na tena. Akapiga nambari ya Valary mwenyewe, ingawa alikatazwa, ikasema mteja hapatikani. Jirani wa kwanza kumsikia alikuwa mwanamke wa chumba cha mwisho aliyerudi kutoka kwa maji, naye pia akapiga laini, naye pia akapata ukimya. Hapo muda mwingi ulikuwa umepita. Walimbeba kwa mkokoteni wa maji, wakabishana njia mara mbili. Zahanati ilimwokoa mtoto, wa kiume. Aketch hakuokoka.

Mutuku alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, bado amevaa sare ya kazi. Alipomwona Valary alisimama.

"Mama Nasambu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa zamu. Mutuku, nilikuwa zamu, sijatoka pale."

"Na simu?"

"Ilikuwa mkononi mwangu."

Alimnyooshea simu ya Aketch. Kioo kilikuwa na alama za vidole zenye damu iliyokauka, na nyuma yake orodha ya simu alizopiga: laini, laini, laini, kisha jina *Mama Nasambu Plot*.

"Alikupigia," Mutuku akasema. "Ulikuwa umezima."

Valary alifungua mdomo kueleza kanuni, akasikia jinsi ingesikika. Mwanamke mmoja nyuma akasema, bila hata kushusha sauti, "Si walikosana juzi kwa kamba?"

Alikimbia chumbani, akachukua simu yake, akaiwasha, na kwa mara ya kwanza akapiga laini. Alisikia alichosikia Aketch. Hakuna kilichoita. Ukimya tu, mrefu, halafu mlio mfupi wa kukatika.

Githinji alipatikana Jumapili baada ya ibada. Walikwenda nyuma ya duka la Gichuru, yeye na Valary, mzee mwenyewe akiwa amesimama mlangoni na suti yake ya kanisa. Githinji alichomeka kompyuta yake, akatazama, akaandika, akatazama tena. Kisha akavua kofia.

"Mzee, ulibadilisha intaneti?"

"Ijumaa. Kwani kuna shida gani? Si taa zinawaka?"

Githinji alimgeukia Valary, lakini alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mathe, iko hivi. Kila kitu kwa intaneti kina anwani, na hiyo anwani ni nambari. Sisi tunaiita IP. Hiyo nambari unapewa na mwenye kukuletea intaneti. Ukibadilisha mtu, nambari inabadilika. Sasa pale kwa kampuni ya simu, pahali pa kuwaambia watuletee call wapi, mimi niliandika ile nambari ya zamani. Kwa hivyo tangu Ijumaa wanatupa call kwa nyumba tuliyohama. Huko hakuna mtu. Hii sanduku iko sawa, simu yako iko sawa, kampuni iko sawa. Ni vile tu wanagonga mlango si wetu."

"Na wewe ungeandika nini?"

"Jina." Alilisema polepole. "Unaweza kuandika jina badala ya nambari. Domeini. Jina likiandikwa, kila call ikija kampuni inauliza kwanza: huyu mwenye jina hili leo anaishi wapi? Inaambiwa nambari ya leo. Ungehama mara kumi, jina ni lilelile, unabadilisha tu mahali linaelekeza. Hata hiyo kubadilisha inaweza kujifanya yenyewe."

"Ulijua hivyo ulipoweka?"

"Nilijua. Nilikuwa naweka nambari ya kujaribu tu, nione kama call zinaingia. Zikaingia. Nikasema nitarudi." Akaikunja kofia mkononi. "Zilikuwa zinaingia, Mathe. Hakuna mtu aliniuliza."

"Weka hilo jina sasa."

Akaliweka. Kanisa lilikuwa na jina la mtandaoni tayari, lile la kuonyesha ratiba za ibada. Alichukua hilo akaliongezea neno *laini* mbele, akalielekeza kwenye nambari mpya na kulipanga lijibadilishe lenyewe nambari ikibadilika, akaingia kwenye ukurasa wa kampuni ya simu akafuta tarakimu na kuandika herufi. Kazi nzima iliisha kabla Gichuru hajamaliza kuongea na mteja aliyemwita dukani. Githinji akapiga laini kwa simu yake. Mfukoni mwa Valary, simu ya kazi ikalia.

Alishtuka kama mtu aliyepigwa. Hakuipokea. Aliiacha ilie hadi ikachoka, na machozi ambayo tangu Jumamosi yalikataa yakaanza kutoka.

Gichuru aliporudi akawaketisha wote wawili kwenye benchi la dukani. Aliongea kwa upole. Upole wake ndio Valary alishindwa kuusahau.

"Haya yametupata sote. Lakini tukitoka hapo nje tuseme mitambo yetu iliua mtu, laini itafungwa. Akina mama wangapi wataumia? Na huyu kijana atashtakiwa. Na kanisa. Wacha tuseme kulikuwa na shida ya network. Hiyo kila mtu anaelewa."

"Mzee, mimi ndio wananiita muuaji," Valary akasema. "Si kanisa. Si Githinji. Nataka mwende kwa Mutuku mmwambie kama mlivyoniambia."

"Tutaenda. Kwa matanga nitasema mwenyewe."

Valary akamtazama Githinji. Githinji akaendelea kutazama viatu.

Matanga yalifanyika kwenye uwanja mdogo karibu na kioski cha maji, chini ya hema la bluu. Ndugu za Aketch walikuwa wamefika kutoka Kisumu, na mama yake Mutuku kutoka Makueni, amembeba mtoto kwa leso. Valary alikuja na kuketi nyuma. Viti vya pande zake mbili vilibaki vitupu ingawa watu walikuwa wamesimama.

Gichuru alisimama akaongea vizuri, kama alivyozoea. Alimsifu marehemu. Alisoma Zaburi. Kisha akasema, "Siku ile kulikuwa na shida ya network, na shida nyingine za kibinadamu. Hawa wamama wetu wanaoshika simu wanafanya kazi ngumu. Wanachoka. Mwanadamu ni mwanadamu. Mimi naomba familia, na naomba ploti nzima, tumsamehe dada yetu Valary, kama sisi pia tunavyosamehewa."

Watu wengine wakasema amina.

Valary alisimama.

"Sijachoka mimi. Sikulala. Nilikuwa pale na simu mkononi, na haikulia kwa sababu ilikuwa inapelekwa kwingine. Mzee alibadilisha intaneti Kawangware. Anwani ikabadilika. Waliandika nambari badala ya jina, na nambari ilipobadilika simu zikapotea. Githinji yuko hapo. Muulizeni. Githinji, sema."

Vichwa viligeuka. Githinji alikuwa amesimama kando ya spika, na Gichuru alimtazama mara moja, bila ukali, kama baba anavyomtazama mwanawe mezani. Githinji akasema, "Ilikuwa... kulikuwa na shida ya kiufundi."

"Intaneti ya Kawangware?" kijana mmoja akasema kwa sauti. "Na sisi tuko Kibera? Mathe, tafuta ingine."

Kicheko kifupi kilipita, cha aibu, kikafa. Lakini kaka mkubwa wa Aketch hakucheka. Aliinuka akauliza kwa utulivu, "Mama, simu yako mwenyewe ilikuwa imezimwa au haikuzimwa?"

"Ilizimwa. Ni kanuni ya..."

"Basi keti."

Aliketi. Hakukuwa na zaidi. Jeneza likapakiwa kwenye gari kuelekea Kisumu, na siku iliyofuata mtu alikwaruza mlango wake kwa kitu chenye ncha, neno moja, kubwa.

Wiki hiyohiyo kanisa likamwambia apumzike kidogo. Nafasi yake ikachukuliwa na Shiru, msichana mchangamfu wa kwaya. Lakini hawakubadilisha sauti iliyorekodiwa, ile inayomkaribisha mpigaji kabla ya mtu wa zamu kupokea: usiogope, usikate, niambie uko wapi. Hiyo ilibaki ya Valary. Alipowaomba waitoe, Wangoi alimjibu kwamba kamati inasema inawatuliza watu.

Akatafuta kazi ya kufua nguo Nyayo Highrise, nyumba kwa nyumba. Aliingilia geti la upande wa pili ili asipite kwa Mutuku. Nasambu alianza kupigana shuleni. Alirudi na mdomo uliopasuka, akakataa kusema kwa nini, na mama yake hakumlazimisha, maana alijua.

Ilikuwa imepita kama miezi mitatu Githinji alipokwenda geti la Mutuku. Hakuna aliyemtuma. Labda alikuwa hapati usingizi. Alisimama pale mchana, magari yakipita katikati yao, akaeleza yote: nambari, jina, mlingoti, nitarudi. Mutuku alimsikiliza huku akifungua na kufunga kizuizi. Alipomaliza, Mutuku alimuuliza swali moja.

"Ulijua lini?"

"Jumapili ile."

"Kabla ya matanga."

"Ndiyo."

Mutuku hakumgusa. Alimfungulia mlango mdogo wa kando, atoke.

Jioni hiyo Mutuku alikuja kwa Valary. Hakuketi. Alisimama karibu na mlango uliokwaruzwa, ambao Valary alikuwa ameupaka rangi lakini neno bado lilionekana ukiinama kidogo.

"Nimeambiwa," akasema.

"Nilikuambia mimi. Mbele ya kila mtu."

"Nilikusikia."

"Sasa?"

Alipitisha kidole kwenye mkwaruzo wa mlango. "Kuna siku kabla ya kuambiwa nilikuwa naamka najua ni nani. Ni wewe. Nilikuwa nakula nikijua ni wewe. Sasa ni nani? Ni nambari? Mtu anachukiaje nambari?" Akajifuta uso. "Ningependelea ungekuwa wewe, Mama Nasambu. Mungu anisamehe."

Valary alitaka kumwambia kwamba Gichuru si nambari, na Githinji si nambari, na yeye mwenyewe, aliyewafundisha wanawake wasimtafute kwa simu yake, si nambari. Lakini aliona mtu amechoka, na yeye alikuwa amechoka.

"Waambie watu wa ploti," akamwomba. "Mimi hawaniamini. Wewe watakuamini."

"Nitawaambia."

Huenda alikusudia. Lakini Ijumaa iliyofuata mama yake alimwita Makueni, mtoto alikuwa na homa, na Mutuku akaenda, akapata kazi ya kulinda ghala huko, hakurudi. Chumba chake kilichukuliwa na kinyozi na mkewe mdogo. Vitu vya Mutuku vilisafirishwa na binamu yake ambaye hakumjua mtu yeyote.

Laini inafanya kazi hadi leo. Mwaka uliofuata Gichuru alihamisha kijisanduku kwenda jengo jingine, akabadilisha intaneti tena, na hata simu moja haikupotea. Hakuna aliyejua kuwa kulikuwa na kitu cha kupotea. Kanisani alipewa cheti kwa ajili ya kuwahudumia akina mama, na akalia kwa dhati alipokipokea.

Mke wa kinyozi alishikwa na uchungu Jumanne moja asubuhi. Valary alikuwa ndani, akisikia kila kitu kupitia kuta za mabati: jirani akipiga laini, ikipokelewa mara moja, Shiru akiuliza kioski gani cha maji, na jirani akikosea, akitaja kile cha zamani kilichobomolewa. Valary akatoka.

"Mwambie ni kile chenye tangi jeusi," akasema. "Apite nyuma ya posho mill. Mbele kuna mtaro umefunguka, tuktuk haitapita."

Jirani alimtazama. Kisha akarudia maneno hayo kwenye simu, kama yake mwenyewe, akampa mgongo. Tuktuk ikaja kwa njia ya nyuma. Wanawake walimtoa mgonjwa wakimshika mabega, na mmoja akasema leso hazitoshi. Valary alileta mbili, zikapokelewa mkononi mwake bila neno.

Mke wa kinyozi alirudi siku ya pili akiwa na mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Kinyozi alinunua mkate na majani, chai ikapikwa kwenye sufuria kubwa uani, vikombe vikapelekwa mlango kwa mlango. Valary alikuwa ameketi ndani, amejifunga leso kiunoni, kikombe chake kisafi mezani iwapo watakuwa na upungufu wa vyombo. Aliwasikia wakifika chumba cha saba, cha nane. Halafu wakaenda cha kumi.